Picha Moja, Vioo Viwili: Uchambuzi wa Kadhia ya Kuonyesha Video katika Skrini Mbili

Katika Kata ya Kalangalala mjini Geita, kama katika Katoro, Nyarugusu, Kahama na miji mingine ya ukanda wa dhahabu, kutazama video ni shughuli ya jamaa, si ya mtu aliyejifungia chumbani peke yake. Wachimbaji watokao kwenye maduara jioni, madereva wa bodaboda, wachuuzi wa sokoni na vijana wasio na kazi maalumu hukusanyika katika kibanda umiza, wakaketi bega kwa bega juu ya mabenchi ya mbao, wakatazama mpira au filamu iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Na siku za ibada, halaiki kubwa kuliko hiyo huketi katika makanisa ambamo mtu wa safu ya mwisho haoni wajihi wa mhubiri ila kwa msaada wa skrini. Maadamu hadhira huongezeka na skrini ni ile ile, hufika siku ambapo mwenye ukumbi hununua skrini ya pili, akaiunganisha na kompyuta yake, na papo hapo akakutwa na tatizo ambalo hakulitazamia: picha inatokea upande mmoja na upande wa pili ni giza, au inatokea pande zote mbili lakini imefifia, au inakatika katikati, nusu huku na nusu kule, na uso wa mwigizaji umezama katika fremu.

Anapokwenda kutaka ushauri, huambiwa na fundi mmoja kwamba dawa ni splita, yaani kifaa cha kuigawa ishara moja kwa skrini zaidi ya moja, na wa pili kwamba kompyuta yake ni dhaifu, na wa tatu kwamba kasoro imo katika programu ya kuchezea video. La ajabu ni kwamba wote watatu waweza kuwa wakweli, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, na gharama ya hitilafu hiyo hulipwa na yule aliyeuliza. Inafaa basi kuichambua kadhia hii kiungo kwa kiungo, na kuzipima rai zinazoshindana kwa insafu, kwa kuwa fedha inayopotea katika jambo hili ni fedha ya watu wasio na ya kupoteza.

Haja tatu, swali moja

Anayetaka kuonyesha video katika skrini mbili aweza kuwa anakusudia mojawapo ya mambo matatu, nayo hayafanani kwa asili, wala kwa vifaa, wala kwa gharama. Aweza kutaka kurudufu, yaani picha ile ile, nzima, ionekane katika kila skrini, ili walioketi kushoto na walioketi kulia waone sawa. Aweza kutaka kutenga, yaani skrini moja ibebe video inayotazamwa na hadhira, na ya pili ibebe kitu kingine, kama orodha ya filamu zinazofuata au mechi nyingine kabisa. Tena aweza kutaka kutandaza, yaani picha moja igawanywe, nusu yake ya kushoto ikae katika skrini ya kushoto na nusu ya kulia katika skrini ya kulia, hata skrini mbili ziwe kama kioo kimoja kipana.

Kompyuta huweza kuyafanya yote matatu, lakini kila moja kwa amri yake, na Windows inapotambua skrini mpya mara nyingi huanza na lile la pili: huifanya skrini hiyo kuwa nyongeza ya eneo-kazi, tupu, isiyo na kitu ila picha ya mandhari. Basi asili ya fazaa ya watu wengi ni hii, kwamba wanataka la kwanza, wanapewa la pili, na wanadhani wamekosa la tatu.

Mkanganyiko ulikotoka

Sababu moja ya mkanganyiko ni ya kihistoria, na ni ya nchini kwetu. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, bali Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa haikuja mpaka 2000. Katika miaka hiyo ya ukame, deki ndiyo iliyokuwa chemchemi ya picha, na kumbi za video zilijifunza ufundi wake kwa deki na televisheni za chogo. Sasa, ishara ya picha iliyotoka katika deki ilipita katika waya mmoja wenye kichwa cha njano, nayo ilikuwa mkondo wa umeme uendao upande mmoja tu, usiouliza wala kujibiwa. Fundi aliweza kuunga waya huo mara mbili, akaupeleka kwenye televisheni mbili, na adhabu yake ikawa ni picha kupungua mwangaza, kwa sababu nguvu ya ishara imegawanywa. Ukumbi mzima uliridhika, na elimu hiyo ikarithiwa.

Waya wa HDMI, ambao kanuni zake zilitolewa mwishoni mwa 2002, haufuati sharia hiyo hata kidogo. Kabla picha haijatoka, kompyuta huiuliza skrini jina lake, idadi ya nukta zake na kasi yake, na skrini hujibu; na ikiwa video ina kinga ya hakimiliki, huulizana tena kwa funguo za siri. Mazungumzo hayo ni ya wawili. Anayenunua waya rahisi wenye umbo la herufi Y, usio na umeme wake wala akili yake, akatarajia skrini mbili zijibu kwa sauti moja, ameihukumu HDMI kwa sharia ya deki. Aghalabu hupata skrini moja inayowaka na nyingine iliyolala, au zote mbili zikipepesa. Splita ya kweli ina kifaa ndani yake kinachozungumza na kila upande peke yake, na dalili yake ya nje ni kwamba huja na adapta ndogo ya umeme. Kwa bahati mbaya vitu hivyo viwili huuzwa katika duka moja, pengine katika kikasha kinachofanana, na muuzaji asiyejua humpa mnunuzi kile cha bei ndogo.

Sababu ya pili ni ya kompyuta zenyewe. Macintosh II ya 1987 ilikwisha kuweza kubeba skrini zaidi ya moja. Windows ilifuata katika toleo la 1998, lililokubali skrini hadi 9. Na mwaka 1999 kampuni ya Matrox ya Kanada ikatoa kadi ya picha iitwayo Millennium G400, iliyokuwa na matundu mawili ya skrini katika kadi moja, ikaweza hata kutoa filamu nzima katika skrini ya pili huku ya kwanza ikiendelea na kazi nyingine. Lakini kompyuta za zama hizo, na za Windows XP iliyofuata mwaka 2001, zilikuwa na hila moja katika kuchora video: ili kuokoa nguvu, hazikuichora filamu pamoja na vitu vingine vya skrini, bali zilitoboa tundu la rangi moja mahali pa filamu, na kadi ya picha ikaingiza filamu katika tundu hilo wakati wa kupeleka ishara nje. Aghalabu kadi ilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo kwa skrini moja tu. Ndiyo maana mtu aliyeburuta dirisha la filamu kutoka skrini ya kwanza kwenda ya pili aliona filamu ikigeuka mraba mweusi, akalaumu filamu, akalaumu waya, akalaumu TANESCO, ilhali kosa lilikuwa katika maumbile ya kadi.

Vista, iliyofika sokoni mwanzoni mwa 2007, ilileta namna nyingine: kila dirisha huchorwa kwanza katika kumbukumbu, kisha yote huunganishwa kuwa picha moja kabla ya kupelekwa kwenye skrini, na kwa hiyo filamu ikaweza kukaa mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Lakini Vista hiyo hiyo iliondoa kitu ambacho watu wa XP walikizoea, nacho ni uwezo wa kadi kuidanganya kompyuta kwamba skrini mbili ni moja ndefu. Mafundi wengi waliojifunza kutandaza katika XP walijikuta wakitafuta amri isiyokuwapo tena, na kwa kuwa kompyuta zinazoletwa kwetu zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo ni za vizazi mbalimbali, ushauri wa kizazi kimoja huendelea kutolewa kwa mashine ya kizazi kingine. Hapo pana chanzo cha magomvi mengi kati ya fundi na mteja, na hakuna kati yao aliye mwongo.

Rai ya kurudufu

Wanaotetea kurudufu wana hoja nyepesi na yenye nguvu: ukumbi hauhitaji picha mpya, unahitaji picha iliyopo iwafikie wote. Ukumbi mrefu na mwembamba, au ulio na nguzo katikati, hauponywi kwa skrini kubwa mbele, kwa kuwa nguzo haiondoki. Unaponywa kwa skrini ya pili iliyotundikwa pale ambapo macho yanazuiwa.

Ndani ya rai hii kuna njia mbili, na tofauti yake yafaa kuangaliwa kwa makini. Njia ya kwanza ni kuiamuru kompyuta yenyewe irudufu, jambo ambalo tangu Windows 7 ya 2009 hufanywa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchagua. Haina gharama, lakini ina taksiri tatu. Skrini mbili zisizolingana hulazimishwa kukutana katika kiwango ambacho zote zinakiweza. Laputopu yenye nukta 1366 kwa 768, ikirudufiwa kwenye televisheni yenye nukta 1920 kwa 1080, mara nyingi huiburuta televisheni mpaka kiwango chake cha chini, na hiyo ndiyo siri ya ile picha iliyofifia ambayo watu huidhania ni ubovu wa televisheni. Pili, kila kinachotokea kwenye kompyuta huonwa na hadhira nzima, pamoja na ujumbe wa siri wa mwenye kompyuta. Tatu, televisheni moja ikizimwa, kompyuta hupanga upya mambo yake yote, na picha hukatika kwa kitambo hata kwa wale ambao skrini yao haikuguswa.

Njia ya pili ni splita. Kompyuta huona skrini moja tu na hutoa ishara moja tu, na kazi ya kuzidisha hufanywa nje. Umeme unapokatika na kurudi, kama ilivyo desturi, hakuna mpango wa kupangwa upya. Splita huwaka, na kila kitu huwaka pamoja nayo. Hata chanzo kikibadilishwa, kikaondolewa kompyuta na kuwekwa king'amuzi, splita haijali. Udhaifu wake ni kwamba nayo hufuata kiwango kimoja, kwa hiyo ni bora televisheni mbili ziwe za daraja moja. Na waya mrefu wa HDMI hupoteza ishara, kiasi kwamba kuzidi meta 10 hivi pasipo kifaa cha kuongeza nguvu ni kujitafutia picha yenye vimulimuli.

Hapa hapana budi kutaja kinga ya hakimiliki, kwa sababu huwafanya wengi wadhani splita yao imeharibika. Video yenye kinga, itokayo katika king'amuzi au katika huduma ya kulipia ya intaneti, hukataa kuonekana pale ambapo kiungo kimoja katika msafara hakina funguo zinazotakiwa. Skrini ya zamani inayotumia waya wa VGA, mathalani, haina namna yoyote ya kuthibitisha kinga hiyo. Giza hilo ni la makusudi. Wenye kazi za sanaa nchini wanalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na maonyesho ya filamu kwa hadhara yamekuwa chini ya sheria yake mahususi tangu 1976. Mwenye ukumbi anayetaka amani hutafuta kibali kwanza na splita baadaye, wala hatafuti kifaa cha kuvunja kufuli.

Rai ya kutenga

Rai hii hudharauliwa na wenye vibanda na kuthaminiwa na makanisa, na naona kwamba vibanda vinajinyima. Katika kanisa, mtumishi anayeendesha kompyuta anahitaji kuona maneno ya ubeti unaofuata kabla waumini hawajauona, anahitaji kutafuta video ya tangazo huku wimbo ukiendelea mbele, na hayo yote hayawezekani katika kurudufu. Skrini yake ni jiko, na skrini ya waumini ni meza iliyokwisha kuandaliwa. Mwenye laputopu na televisheni moja, ambaye ndiye mtu wa kawaida kabisa katika kadhia hii, yumo katika hali hiyo hiyo bila kujua: kwake kutenga ni bora kuliko kurudufu, kwa kuwa televisheni hupata nukta zake zote 1920 kwa 1080 na laputopu hubaki na zake. Kinachotakiwa ni kulihamisha dirisha la video kwenda skrini ya pili, kwa kuliburuta au kwa kubonyeza vitufe vya Windows na Shift pamoja na mshale, kisha kulipanua lijae.

Kuna siku, hata hivyo, ambapo kutenga ni hazina ya kibanda pia. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi mbili za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja, baada ya fedheha ya Ujerumani Magharibi na Austria huko Gijón mwaka 1982, ambapo timu mbili zilizokwisha kujua matokeo ya wenzao zilionekana kuridhika na bao moja na kupoteza muda. Ligi Kuu ya Uingereza nayo humaliza msimu kwa mechi 10 zinazoanza pamoja. Katika saa kama hizo, mtazamaji hatazami mchezo mmoja, anatazama hesabu, na hesabu hiyo imo katika viwanja viwili. Skrini mbili zenye mechi mbili humpa kile ambacho hawezi kukipata nyumbani kwake kwa televisheni moja. Gharama yake ni vyanzo viwili, kwa kawaida ving'amuzi viwili, na uamuzi mgumu kuhusu sauti ya mechi ipi isikike. Kwa mji uliowahi kuipeleka Geita Gold katika Ligi Kuu mwaka 2021 na kuishuhudia ikishuka mwaka 2024, thamani ya kujua kinachotokea katika uwanja wa pili haihitaji kuelezwa.

Rai ya kutandaza

Nimeiacha rai hii nyuma kwa sababu ndiyo inayovuta mioyo ya watu zaidi na ndiyo inayowavunja zaidi. Mtu huona katika duka la mjini ukuta wa skrini nyingi unaobeba picha moja, akasema, nami nina skrini mbili, nitapata picha mara mbili. Hesabu inakataa.

Televisheni ya kisasa ina umbo la 16 kwa 9, na filamu nyingi na mpira wote hutolewa kwa umbo hilo hilo. Skrini mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu hufanya kioo cha nukta 3840 kwa upana na 1080 kwa kimo. Video ya 16 kwa 9 ikiwekwa humo nzima, bila kukatwa, kimo chake hukomea 1080 na upana wake hukomea 1920. Maana yake hukalia nukta 960 za skrini ya kushoto na nukta 960 za skrini ya kulia, na nusu iliyobaki ya kila skrini hubaki giza. Picha hiyo ni sawasawa kwa ukubwa na ile iliyokuwa katika skrini moja. Mtu amenunua skrini ya pili, ameitandaza video yake kwa jasho, na hakupata hata sentimita moja ya nyongeza. Alichopata ni ufa katikati.

Akiamua kuijaza skrini yote, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuvuta upana peke yake, na matokeo yake ni wachezaji wenye mabega ya majabali na mpira wenye umbo la yai. Ya pili ni kukuza pande zote na kukata kinachozidi: upana wa nukta 3840 unataka kimo cha 2160, na kilichopo ni 1080, hivyo nusu nzima ya picha hutupwa, juu na chini. Katika mpira kinachotupwa ni ubao wa matokeo na saa ya mchezo. Katika filamu ni maandishi ya tafsiri chini ya picha, na pengine paji la uso la mwigizaji. Insafu inataka nikiri kwamba filamu zilizopigwa kwa umbo pana zaidi, lile la karibu 2.39 kwa 1, hupata nafuu: hukua kwa theluthi moja hivi kwa upana na kwa kimo kulinganisha na skrini moja. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila haizidi ile ambayo mtu angeipata kwa kununua televisheni moja ya inchi 43 badala ya kuongeza ya pili ya inchi 32.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote si ya vipimo, ni ya mahali pa ufa. Skrini zikiwa mbili, mshono huangukia katikati kabisa ya picha, na katikati ndiko mpigapicha anakoweka moyo wa jambo. Mpigapicha wa mpira huzungusha kamera yake daima ili mpira usitoke kati ya picha. Anayetandaza mpira katika skrini mbili amechagua basi kuuweka mpira nyuma ya fremu za plastiki kwa sehemu kubwa ya dakika 90. Waliotangulia katika fani ya picha pana walilijua hili. Abel Gance alipoonyesha filamu yake ya Napoléon huko Paris mwaka 1927, akataka picha ya mwisho ipite mipaka ya skrini, alitumia skrini 3. Na mfumo wa Cinerama, uliofunguliwa New York mwaka 1952, ulitumia projekta 3. Mishono ilionekana na ililalamikiwa, lakini ilikuwa miwili, kushoto na kulia, na katikati ilibaki nzima. AMD nayo, ilipotoa Eyefinity mwaka 2009 ili kuunganisha skrini nyingi kuwa moja, ilitangaza zaidi mpango wa skrini 3, na wachezaji wa michezo ya kompyuta waliojaribu 2 waligundua haraka kwamba shabaha ya bunduki yao imejificha katika fremu. Katika idadi zote za skrini, 2 ndiyo mbaya kuliko zote kwa kutandaza.

Tena iko kasoro ya wakati. Kila tundu la kadi ya picha hupeleka picha kwenye skrini yake kwa mwendo wake, aghalabu mara 60 kwa sekunde, na ikiwa matundu mawili hayakufungwa pamoja kwa kifaa maalumu, nusu ya kushoto yaweza kutangulia nusu ya kulia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika picha tulivu haionekani; katika kamera inayokimbia na winga, mstari wa uwanja huvunjika pale kwenye mshono.

Anayeona kwamba bado anataka kutandaza ana njia zake. VLC, programu iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale huko Paris mwaka 1996 na ambayo hutolewa bure, ina katika mipangilio yake ya ndani uwezo wa kuikata video kuwa ukuta wa safu na nguzo, kila kipande katika dirisha lake. Nguzo 2 na safu 1 ndizo zinazohitajika, kisha kila dirisha hupelekwa mahali pake kwa mkono. Njia nyepesi kuliko hiyo ni kulivuta dirisha moja la video likavuka skrini zote mbili, bila kulijaza kwa amri ya kawaida, kwa sababu amri hiyo hulirudisha katika skrini moja. Na pana mahali pamoja ambapo kutandaza katika skrini 2 ni halali: pale video inapotengenezwa kwa ajili ya skrini hizo. Banda katika maonesho ya teknolojia ya madini yafanyikayo Geita laweza kuagiza video ya nukta 3840 kwa 1080, mashine upande mmoja na maelezo yake upande wa pili, na mtengenezaji akaacha katikati wazi kwa kuwa anajua ufa uliko.

Sauti, ambayo husahauliwa

Katika vibanda vyetu sauti ni nusu ya filamu na zaidi, maana filamu nyingi hubebwa na mtafsiri anayesimulia juu ya picha, na asiyemsikia hajatazama kitu. Televisheni mbili zikiachwa zipige sauti zote, kila moja hutumia kitambo chake kuitayarisha picha na sauti, na vitambo hivyo havilingani, hasa zikiwa za kampuni tofauti. Hadhira husikia mwangwi, na maneno huzama. Dawa ni kuzinyamazisha televisheni zote mbili na kuitoa sauti katika kompyuta moja kwa moja hadi kwenye amplifaya. Yaweza kutokea basi sauti iwahi kuliko midomo, kwa kuwa televisheni bado inaitayarisha picha. Katika VLC vitufe vya J na K huisogeza sauti nyuma au mbele kidogo kidogo mpaka vikutane. Ni kazi ya dakika moja, na sielewi kwa nini kumbi nyingi huiacha.

Mizani

Yakiwekwa yote katika mizani, kwanza huondoka kutandaza. Haja iliyo nyuma yake ni halali, nayo ni haja ya picha kubwa, lakini skrini ya pili haiitimizi. Inaitimiza skrini moja iliyo kubwa zaidi, au projekta. Projekta nayo ina masharti yake: hutaka giza, na ukumbi wa mabati yenye matundu hauna giza mchana, hutaka kusafishwa vumbi, na vumbi la barabara za machimbo halina likizo, na ile ya taa hula umeme mwingi kuliko televisheni mbili za kawaida kwa pamoja, jambo ambalo mwenye kulipia kwa LUKU huliona upesi. Ukumbi unaofanya kazi usiku tu waweza kuyavumilia hayo, na ukipata picha ya meta 2 ukutani hautatamani tena kuunga vioo. Ukumbi wa mchana haufai kujaribu.

Kati ya kurudufu na kutenga, hukumu hufuata matumizi, na sioni sababu ya kuutafutia mmoja ushindi wa jumla. Kanisa, shule na kila mahali ambapo mtu huendesha kompyuta mbele ya watu vinahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja: kompyuta itenge, skrini ya mwendeshaji ikae kwake, na tundu la pili la kompyuta lipeleke ishara kwenye splita, ambayo itarudufu picha kwa televisheni zote za ukumbini. Mpango huu hautajwi sana na mafundi, kwa kuwa maswali huwafikia vipande vipande, lakini ndio unaomaliza haja nyingi kwa gharama ya splita moja.

Kibanda cha mpira na filamu, kwa siku za kawaida, kinatosheka na splita peke yake, televisheni mbili za daraja moja, na amplifaya iliyounganishwa na chanzo. Siku ya mechi mbili za wakati mmoja, waya wa televisheni ya pili hutolewa katika splita ukachomekwa katika king'amuzi cha pili, na baada ya filimbi ya mwisho ukarudishwa. Ambaye bado hajanunua skrini ya pili, na anaifikiria kwa sababu walioketi nyuma wanalalamika, na aketi kwanza katika benchi la nyuma wakati wa onyesho: akiona kwamba kinachomzuia ni nguzo au vichwa vya watu, anunue ya pili aitundike pembeni, akiona kwamba njia ya macho ni nyeupe ila picha ni ndogo, auze aliyonayo aongeze fedha anunue kubwa.